Jembe Lililokosekana Msibani

Nyinyi vijana mnaosoma kona hii kwenye simu, najua mmekaa. Mmoja yuko kwenye kochi, mwingine juu ya pikipiki akingoja abiria, mwingine kitandani na jua limeshapanda. Leo sina ugomvi na nyinyi. Nina habari ya msiba, na nawaomba muisome mpaka mwisho, ndipo mwamue wenyewe kama mtaendelea kukaa au mtasimama.

Jumamosi tumemzika mwanamke wa rika langu, wa kijijini kwetu huku, njia ya kwendea Mgololo. Jina lake silitaji. Waliomjua wanajua namsema nani, na wasiomjua wanaye wa kwao anayefanana naye. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana sana majumbani. Tulikuwa majirani wa shamba. Lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, langu huku, na kwa miaka mingi salamu yetu ilikuwa ya kupaza sauti juu ya maji: yeye "Kamwene," mimi "Kamwene," kisha kila mtu anainama kwenye tuta lake. Amekufa kwa sukari. Nalisema hilo wazi kwa sababu msibani halikusemwa. Mmoja alisema ni mguu, mwingine akasema presha, na kina mama wawili nyuma ya masufuria ya msiba walikuwa wananong'ona jina la jirani ambaye kosa lake ni kuzeeka na kuishi peke yake. Wanawe wameniruhusu niandike. Basi naandika: ni sukari.

Asubuhi ya mazishi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mianzi, vijana walikuja kuchimba kaburi. Kwetu mtu anachimbiwa kwa vifaa vya kwake kwanza, ndipo majirani wanaongezea. Mwanawe mkubwa, yule mwenye biashara ya malori kule Mbeya, akaingia stoo kutafuta jembe. Alikaa humo muda mrefu kidogo. Tulisikia vitu vinasogezwa. Akatoka na vumbi kwenye suti, mikono mitupu, akanifuata nilipokaa na wazee wenzangu. "Shikamoo bibi. Samahani, kwenu kuna jembe?" Nikamwangalia. Nyuma yake, kupitia mlango wa stoo, nilikuwa naona kreti za soda zimepangwa mpaka karibu na dari. Nikamwambia, "Marahaba. Lipo nyuma ya mlango wangu wa jikoni. Mtume mtu alifuate, na mwambie mpini wake usitumike kung'olea mizizi." Hivyo ndivyo mwanamke aliyelima tangu akiwa mtoto, aliyelisha na kusomesha kwa jembe, alivyochimbiwa kaburi kwa jembe la kuazima.

Nataka mjue alikuwa nani kabla ya kukalishwa kwenye kochi. Mumewe alikuwa kwenye kazi za misitu, akafariki watoto wakiwa bado wadogo. Yeye hakurudi kwao na hakuolewa tena. Alishika bonde lile la maharage na viazi, na kilima cha mahindi juu yake, akawa anashuka na kupanda kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na Jumapili alitembea kwenda kanisani ambako nako ni mlima. Alikuwa mwembamba, mkavu kama kuni ya mwaka jana, na mwenye maneno. Nikichelewa kufika shambani alikuwa ananiita kutoka ng'ambo kwa neno letu la ndugu, "Nyalukolo, leo umelima kitanda?" Chakula chake kilikuwa ugali wa dona, ule unga usiokobolewa, maharage, majani ya maboga, parachichi likiwepo. Msidhani nasifia umaskini. Kulikuwa na miezi ya njaa, na nguo moja ya kutokea, na jino likiuma lilikuwa linauma mpaka lichoke lenyewe. Hakuna anayetamani kurudi huko. Nasema tu kwamba mwili wake ulikuwa unajua kazi yake, na chakula alichokula kilikuwa kinakuta kazi inakingoja.

Watoto wakasoma, wakafanikiwa. Mkubwa akawa na malori, binti akapata kazi ya ofisini Iringa mjini, wadogo nao wakapata pa kushika. Kisha wakafanya lile jambo ambalo siku hizi limekuwa desturi huku kwetu, na kila mzazi analiombea: wakamfanyia mama yao sherehe ya kumpumzisha. Mliowahi kuhudhuria mnajua. Nyumba mpya ya vigae imekwisha, turubai limefungwa, ng'ombe ameanguka, mchungaji amekuja, kwaya imekuja. Mama anakalishwa mbele kwenye kiti chenye vitambaa. Watoto wanasimama mmoja mmoja wanasema alivyowatesekea, na watu wote wanalia kilio kizuri. Halafu ikaja sehemu ambayo sikuwahi kuiona kwingine. Yule mwanawe mkubwa akaagiza jembe la mama yake liletwe. Lilikuwa limekwisha kwa kulima, limebaki upana wa kiganja, na mpini umeng'aa kwa mikono yake. Akampa alishike kwa mara ya mwisho wapige picha. Kisha akalichukua mkononi mwake mbele ya umati, akasema, "Mama, kuanzia leo hutalishika tena. Tumekua. Kazi yako sasa ni kula na kulala." Akalikabidhi kwa kibarua waliyemwajiri. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mimi nami nilipiga, maana nani asingepiga.

Wakati wa chakula nilikaa karibu naye. Pilau ilikuwa imejaa sahani yake na hakuwa ameigusa. Akaniinamia sikioni, "Mwenzangu, sasa asubuhi nitaamkia nini?"

"Utaamkia chai," nikamwambia.

"Chai inachukua muda gani?"

Tukacheka. Lilikuwa swali la mzaha na halikuwa la mzaha.

Wiki za mwanzo alikuwa anatoroka. Kibarua akishalima upande wa juu, yeye anashuka taratibu kama anayekwenda kuchuma mboga, anavuka kijito, anakuja upande wangu anashika jembe langu. Mimi nikifika nakuta tuta limeshapaliliwa na mtu amekaa juu ya jiwe anapumua, uso umefunguka. Tulikwenda hivyo mpaka kibarua alipompigia simu yule binti wa Iringa. Binti naye akanipigia, kwa adabu sana, sauti ya chini. "Shikamoo bibi. Samahani, tunaomba usimpe mama kazi." Nikamwambia, "Mwanangu, simpi kazi. Anaiba." Hakucheka. Akasema, "Bibi, watu wakimwona shambani watasema tumemtelekeza. Tulishasema mbele ya mchungaji." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jembe lile halikuwa la mama tena. Lilikuwa heshima ya watoto. Kila mtu aliyekula ng'ombe wa sherehe alikuwa shahidi kwamba mama huyu anatunzwa, na ushahidi wenyewe ulikuwa kwamba hafanyi kitu. Wakaleta msichana wa kukaa naye, kazi yake kumpikia, kumfulia, na kuhakikisha havuki kijito. Akaacha kuvuka.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye walimfanya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ile siku ya tatu haikufika.

Sasa niwaambie alivyoifanya kazi yake mpya ya kula na kulala. Unga wa dona uliondoka, ukaja sembe mweupe wa kiwandani, maana dona ni chakula cha waliokosa. Sahani ilibaki kubwa vilevile, sahani ya mtu aliyeshinda bondeni, ila sasa ilikuwa inaliwa na mtu aliyeshinda mbele ya televisheni. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi. Jioni wali. Na katikati soda. Hapa nieleze vizuri, maana wengi wetu wa makanisani tumepita njia hii. Zamani alikuwa anaonja ulanzi, pombe ya mianzi, kama sisi wote tuliozaliwa penye mianzi. Alipookoka akauacha, na nilimpongeza, maana ulanzi umezika wengi na mimi siutetei. Lakini mtu aliyeacha ulanzi huku kwetu anapewa soda. Kwenye ibada ya nyumbani soda, kwenye kikoba soda, mgeni akija soda, mgonjwa akitembelewa soda, mfiwa akifarijiwa soda. Kwa kuwa hailevi tukaona ni kinywaji kitakatifu. Mwanawe alikuwa akipita na lori anamshushia kreti, nzuri za rangi zote, na majirani tukasema mwana huyu anampenda mama yake. Na kweli alikuwa anampenda.

Akanenepa. Tumbo likaja mbele, shingo ikajaa, pete ikakataa kutoka. Kanisani wakamwambia, "Mama umenawiri, watoto wanakutunza." Hakuna neno tamu kuliko hilo kwa mama aliyezeekea kwenye taabu. Baadaye ikaja kiu. Aliniambia mwenyewe nilipokwenda kumwona, "Nyalukolo, nina kiu ambayo haiishi kwa maji." Basi akawa anaizima kwa soda, na kumbe ndiyo kuni zenyewe anazoongeza kwenye moto. Akawa anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Macho yakawa na ukungu, akasema ni uzee. Halafu ule unene ukaanza kuyeyuka bila yeye kutaka, na wale wale waliosema amenawiri wakaanza kusema maneno mengine, mara ana ule ugonjwa, mara amechezewa. Aliposikia hayo akaacha kwenda kanisani. Kupima hakupima. Kwa akili ya wengi wetu ukipima ndipo unapougua.

Kuna siku ya mwezi wa saba, mnajua baridi yetu ya mwezi wa saba ilivyo, nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye kochi, blanketi magotini, miguu imenyooshwa kwenye jiko la mkaa lililowekwa chini juu ya vigae. Sote huku tunaota hivyo. Alikuwa amevaa soksi nzito. Tukaongea habari za mbegu, akaniuliza maharage yangu yalikuwaje, akataka kujua kama kijito kimepungua. Katikati ya maongezi akanusa hewani, akageuka kuelekea jikoni.

"We binti, unaunguza nini huko?"

Msichana akajibu, "Sijabandika kitu, bibi."

"Kuna kitu kinaungua. Hebu angalia."

Nami nikasikia harufu. Nikatazama dirishani, nikatazama jikoni, halafu nikatazama chini. Soksi yake ya mguu wa kulia ilikuwa imeyeyuka kwenye ukingo wa jiko, na kisigino kilikuwa kinaungua humo ndani, na yeye alikuwa ananiangalia usoni akingoja nimjibu habari za kijito. Hakuwa anasikia chochote. Nilimvuta mguu kwa mikono yangu, akaona, akashangaa kama anayeonyeshwa mguu wa mtu mwingine. Akasema polepole, "Huu ni wangu?"

Hospitalini binti yake alikuwa amefika kutoka Iringa, nami nilikuwa nimesindikiza. Walimtoboa kidole, wakasoma mashine, wakaitana. Nesi aliyetuhudumia alikuwa mtu mzima, mwenye subira. Alitueleza kwamba sukari hiyo haikuanza juzi, imekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, ikaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, ndiyo sababu moto haukumuuma. Binti akauliza, "Ni kwa sababu ya kuweka sukari nyingi kwenye chai?" Nesi akasema chai peke yake isingetosha. Akasema ni vingi vinavyoshikana mikono: uzito hasa ule wa kiunoni, kukaa bila kuushughulisha mwili, wanga mwingi uliokobolewa, vinywaji vitamu kila siku, na kwa wengine sigara na pombe, na umri, na ukoo pia, maana nyumba nyingine zinaurithi. Akasema wapo wanaoupata ni wembamba, na watoto wadogo wanaupata kwa njia yake nyingine, hivyo tusimnyooshee mtu kidole. Kisha akauliza, kama anayeuliza jambo la kawaida, "Mama anatembea? Anafanya kazi gani nyumbani?"

Binti akajibu haraka, na kwa fahari kidogo, "Hapana, hafanyi kazi. Tulishampumzisha."

Nesi akaweka kalamu chini. Hakumkaripia. Akasema tu, "Kidonda kikipona, dada, mrudisheni shambani. Taratibu, na viatu vya kufunika. Mlimpumzisha mapema sana." Yule binti, aliyesoma mpaka chuo na asiye mjinga hata kidogo, akainamisha kichwa akawa anakunja pembe ya kanga ya mama yake, anakunja na kukunjua.

Kidonda hakikupona. Kilikwenda na kisigino, kikapanda, na mwisho daktari akasema ni mguu au uhai, wakaukata chini ya goti. Watoto walifanya kila kitu. Sembe uliondoka, soda zikafungiwa stoo, dawa zikawa zinamezwa kwa saa zake, mwana akawa anatoka Mbeya kila mwisho wa wiki. Siku moja alikuja na jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani. Akaliweka mbele ya mama yake kama mtoto anayeomba radhi. Mama akaligusa, akalipima uzito, akamrudishia. Alimwambia, "Mwanangu, ulichelewa kidogo. Sasa hata nikilishika, nitasimamia nini?" Akamwagiza ampelekee kibarua, nalo na lile la zamani yakaondoka na kibarua alipoacha kazi. Ndiyo maana stoo ilikuwa haina jembe. Baada ya hapo alikuwa anakaa barazani, kiti kimeelekezwa bondeni. Mimi nikifika shambani nilikuwa najua ananiona. Nilipaza sauti, "Kamwene," ingawa mbali vile sauti haifiki, nikainua jembe juu ili alione, naye aliniinulia mkono. Asubuhi ambayo hakuinua mkono nilijua kabla sijaambiwa.

Nimekaa nalifikiria jambo hili tangu Jumamosi. Siwalaumu watoto wale. Walimpa mama yao kile ambacho yeye mwenyewe angewaambia wampe wakati yuko taabani. Kosa letu sisi watu wa huku ni kwamba tulipokuwa maskini tuliamini kuwa raha ni kukaa na heshima ni kunenepa, na tulipopata kidogo tukakimbilia hivyo viwili. Tumeacha kazi za baba zetu lakini hatukuacha sahani zao. Nenda pale Igawa barabarani uangalie dereva aliyekaa kwenye usukani tangu Dar es Salaam anavyoletewa mlima wa wali wa kutosha mtu wa kuvuna mpunga, na chupa mbili za soda pembeni, halafu anarudi kukaa. Nenda Mbeya uone mtu mwenye miguu yote miwili anaita bodaboda kutoka getini mpaka kwenye kibanda cha vocha. Nenda Iringa mjini, mji uliojengwa kileleni ili watu wapande, uone wanavyopandishwa. Na yule bodaboda mwenyewe, kijana mwenye nguvu, ameshinda juu ya tandiko na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu mfukoni, na jioni chipsi mayai. Juzi mmoja aliniona napanda na kikapu, akasimama. "Bibi, panda, kutembea ni mambo ya kizamani." Nikamwuliza tangu asubuhi ameshakanyaga chini mara ngapi. Akacheka, akasema, "Bibi una maneno." Akaondoka. Nikabaki na mlima wangu.

Mimi niliishia darasa la nne, si daktari, na sitaki mtu aache dawa kwa sababu ya kona hii. Uliyekwisha kupata sukari, kunywa dawa ulizoandikiwa, nenda kliniki siku yako, kagua nyayo zako kila jioni kama unavyokagua mchele, na usiote moto kwa miguu. Wale wanaouza majani kwenye stendi na kukwambia utupe vidonge, waambie wao watupe miguu yao kwanza. Ambaye hujapima, kapime. Ni tone la damu. Kuogopa kipimo ni sawa na kuogopa taa kwa sababu itakuonyesha nyoka.

Jumatatu mwanawe mkubwa alinirudishia jembe. Alikuja na gari, kutoka kwao mpaka kwangu, mwendo ambao mama yake alikuwa anautembea na mzigo kichwani anaimba. Akashuka, mkono mmoja jembe, mkono mwingine chupa ya soda aliyopewa msibani. Shati lilikuwa linapigana na kitambi. Nilimkaribisha akakaa kwenye benchi la jikoni, kisha akasema kile alichokuja kusema.

"Bibi, sisi tulitaka apumzike tu."

"Najua."

"Kila mtu alisema tumefanya vizuri. Hata wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikula na nyama."

Akatabasamu kidogo, macho yamejaa. Nikamwacha mpaka alipomaliza kujifuta. Halafu nikamwuliza, "Na wewe, mwanangu, ulipumzishwa lini?"

"Mimi sijapumzika, bibi. Mimi nina kazi nyingi mno."

"Kazi za wapi?"

"Za simu. Za ofisini. Kufuatilia malori."

"Zote umekaa?"

Aliangalia ile chupa mkononi mwake kama aliyeikuta hapo. Nikamwuliza kama ameshapima. Akasema atapima akipata nafasi. Nikamwambia mama yake naye alisema hivyohivyo, na nesi alisema nyumba nyingine zinaurithi, na yeye ni wa nyumba hiyo. Akasema, "Nina watoto wadogo, bibi." Nikamwambia ndiyo maana namwuliza. Nikanyoosha mkono. Akadhani nataka chupa, akanipa. Nikaiweka chini. Nikanyoosha tena. "Funguo za gari." Akanitazama kuona kama nafanya mzaha. "Gari litalala hapa. Utarudi kwenu kwa njia ya bondeni, utavuka pale alipokuwa anavukia mama yako. Kesho asubuhi utalifuata gari kwa miguu, na ukitoka hapa utaanzia hospitali kabla ya Mbeya." Akavua koti. Nilimwona anashuka, viatu vya ofisini vinateleza, akasimama kijitoni muda, akavuka. Kesho yake akaja kwa miguu, jasho mpaka mgongoni. Mchana akanipigia simu kutoka hospitali. Aliyoambiwa huko ni yake, siyaandiki. Nitasema tu kwamba hakuchelewa kama mama yake.

Jembe langu nimelitazama. Limerudi na udongo mwekundu wa kule makaburini, umekauka kwenye shingo. Jambo ambalo sikuwaambia bado ni kwamba wanangu nami wameniandalia sherehe, mwezi wa kumi na mbili, watakapokuja wote kwa Krismasi. Ng'ombe ameshachaguliwa, kiti cha vitambaa kimeshaagizwa. Basi jana jioni niliwakusanya walio hapa nyumbani, wakubwa kwa wajukuu, na wale wa mbali nikawaweka kwenye simu yenye spika, nikawaambia hivi. Sherehe fanyeni, ng'ombe mchinjeni, mimi napenda nyama. Soda isiletwe, wageni watakunywa maji na watanisamehe. Siku hiyo atakayejaribu kulitoa jembe hili mkononi mwangu aje pia na kisu cha kunikata mguu, maana ni kitu kimoja. Sasa mmoja wenu alioshe udongo huu, alirudishe nyuma ya mlango, na kesho alfajiri kila mwenye miguu katika nyumba hii anashuka nami bondeni. Kwa miguu.